Sura ya Nne: Kilichotoka Kwenye Breki

Kwadi ilikuwa imesimama katikati ya ua wa polisi, kifuniko cha jeneza kimekwama kwenye pua yake, na Hatungimana, seremala wa majeneza wa Kimanga, alikuwa amekaa pembeni kwenye jiwe akikililia kifuniko chake tangu asubuhi.

"Mama OPJ, unipatie tu kifuniko. Mwenye sanduku ananingojea."

"Mwenye sanduku si amekufa?"

"Amekufa, lakini bandugu yake habajakufa. Bananipigia simu kila saa."

Inspekta Generose, afisa wa upelelezi ambaye mji mzima ulimwita Mama OPJ, hakumjibu. Alikuwa akiizunguka ile mashine, mikono nyuma, midomo ameibana. Kwa asiyepata kuiona, kwadi ni pikipiki ya magurudumu manne yenye matairi manene, na hii ilikuwa ya kituo cha afya, ya kupeleka chanjo kule milimani ambako gari halipandi. Siku ya Ijumaa ilikuwa ikirudi kutoka huko. Ilipofika kwenye mteremko wa Kimanga ikakataa kusimama, ikapita katikati ya wauza nyanya, ikaingia karakana ya Hatungimana bila kubisha hodi, na ikatulia ndani ya majeneza. Dereva wake, muuguzi Jean-Marie, alipojitokeza akisukuma kifuniko kwa ndani, mweupe pe kwa unga wa mbao, Kimanga nzima ilitimua mbio. Wanasema yuko mtu aliyefika Songo ndipo akakumbuka kwamba viatu vyake vimebaki.

Sasa, Jean-Marie hata kabla hajajipangusa alitaja jina moja: Emery. Fundi Emery ndiye aliyeishughulikia kwadi siku moja kabla. Na kila mtu aliyekuwa na masikio alijua kwamba Jean-Marie na Emery walikuwa wamemtaka msichana mmoja, Divine wa Kilibula, na kwamba Divine alikuwa amemchagua fundi, harusi Jumamosi hii. Komanda wa kituo akafunga kesi kichwani mwake palepale. Fundi amekata breki kwa wivu, akasema.

"Wivu gani wa mtu aliyeshinda?" Generose alimuuliza.

Komanda hakupenda swali hilo. Alisema jeep ya kuwapeleka mahabusu parke, kwa mwendesha mashitaka, inaondoka mchana huu, na kama Generose hana kitu cha maana mkononi, kijana anaondoka nayo. Jamani, anayepanda jeep ile Jumanne harudi kwa harusi ya Jumamosi. Divine angesimama kanisani peke yake na maua yake, na Emery angekuwa anahesabu mende.

"Chadrack!" Generose aliita. "Mutoe fundi mu kasho."

Polisi Chadrack akamtoa kwenye chumba cha mahabusu. Emery alikuwa kijana mrefu, mwenye mafuta kwenye kucha ambayo hata sabuni ya harusi isingeyatoa. Alipoiona kwadi uso ulimkunjuka kidogo, maana fundi ni fundi hata akiwa na pingu.

"Fungua hii kitu," Generose alimwambia. "Tuone freni zake zinasema nini. Zikisema vibaya, weye unaenda. Umesikia?"

"Nimesikia, Mama OPJ. Minye sikukata kitu."

Walianza na mipira ya breki, ile mirija myeusi inayoshuka kutoka usukani hadi kwenye magurudumu ya mbele. Generose aliipitisha vidoleni yote, kipande kwa kipande. Ilikuwa mizima. Hakuna palipokatwa, hakuna palipochubuka, hakuna panapovuja. Kwa hiyo ile hadithi ya komanda ya kukata ikafia hapo, na Generose hakuisikitikia hata chembe. Kisha akabana breki ya mkono. Ikaingia yote hadi kwenye mpini bila kukaza, laini kama mkate ulioloweshwa chai.

"Iko hewa ndani," Emery alisema.

"Iliingilia wapi?"

"Njo nashangaa. Alhamisi niliiacha inakaza vizuri, hata mutoto angeweza kusimamisha nayo lori. Inabidi kupurje, kutoa ile hewa yote, tuone na mafuta yenyewe. Lakini inaombaka bantu babili. Moya anabana huku yulu, mwingine anafungua vis huku chini."

Chadrack akapiga hatua mbele, amekwisha kunja mikono ya shati. Generose akamzuia. Jicho lake lilikuwa limemwangukia Jean-Marie, aliyekuja kuhakikisha kwamba adui yake anapakiwa jeepni kweli. Alikuwa amesimama kivulini, shingo imefungwa kitambaa kikubwa cheupe, na kwa kuwa alikuwa muuguzi, alijifunga mwenyewe.

"Weye mulalamikaji, panda. Utabana."

"Minye? Na hii shingo?"

"Freni inabanwaka na mukono, haibanwake na shingo. Panda."

Jean-Marie akapanda, shingo wima kama aliyemeza mwiko. Emery akapiga magoti kwenye gurudumu la mbele, akavika mpira mwembamba kwenye kichuchu cha breki, akauzamisha upande wa pili ndani ya chupa tupu ya maji ya kunywa. Pingu zilikuwa zikigonga chuma, kwa hiyo Generose akamfungulia mkono mmoja, na ule mwingine akaufunga kwenye kwadi yenyewe.

"Pompe," Emery akasema. Jean-Marie akabana na kuachia, akabana na kuachia. "Sasa shika! Usiachie!"

Akafungua vis, ile skurubu ndogo ya kichuchu, robo ya mzunguko. Mpini ukazama, na mafuta yakashuka mpirani yakitoa mapovu, puu, puu, puu. Akafunga. "Achia. Pompe tena."

Generose aliangalia mara mbili, mara ya tatu akaelewa. Mtu aliyeshika breki hawezi kwenda popote. Akavuta kiti akakaa mbele ya Jean-Marie, goti kwa goti.

"Shika!" akasema Emery.

"Jean-Marie," akasema Generose, "freni ya mukono ilikufa, nakubali. Ile ya muguu ilikuwa wapi?"

"Ilikufa nayo."

"Zote mbili? Siku moya?"

"Achia. Pompe."

"Zote mbili, Mama OPJ. Huyu muntu ni mubaya sana."

Generose akainama, akaikandamiza pedali ya breki ya nyuma kwa kiganja. "Chadrack, sukuma." Chadrack alisukuma mpaka mishipa ikamsimama shingoni. Gurudumu la nyuma halikutikisika. Akaachia pedali, na kwadi ikasogea mbele yenyewe, pamoja na Emery aliyefungwa nayo na Jean-Marie aliyeikalia, kifuniko cha jeneza kikitangulia, hadi Hatungimana akaruka kutoka kwenye jiwe lake.

"Ya muguu iko muzima kabisa," Generose akasema. "Juu ya nini haukuikanyaga?"

"Nilisahau... ile woga..."

"Shika! Weee, usiachie! Ukiachia hewa inarudi tunaanza upya!" Emery alifoka, na Jean-Marie, ambaye alikuwa ameshaanza kuteremka taratibu upande wa pili, akarudi akashika.

Generose alikuwa bado ameinama. Kwenye meno ya pedali kulikuwa na nywele. Alizichomoa kwa kucha, akaziinua juani. Zilikuwa fupi, ngumu, nyeupe.

"Chadrack, weye uliisha kuona muuguzi mwenye nywele nyeupe mu muguu?"

Kabla Chadrack hajapata jibu, Hatungimana alisimama, mikono juu. "Mama OPJ, kama ni juu ya ile mbuzi, minye sikuiiba! Ilikuja na mashine! Niliifunga tu kule nyuma juu isikule mbao zangu!"

Mahabusu waliokuwa wakichungulia dirishani wakasukumana ili waone vizuri.

"Mbuzi gani?" Generose akauliza kwa upole, na waliomfahamu walijua kwamba upole huo ndio wa kuogopa.

Jean-Marie alitazama mkono wake uliokuwa umeshika breki kana kwamba ungemjibia. Kisha akayatapika yote. Milimani mbuzi ni rahisi. Alimnunua, akamfunga miguu, akamlaza pale pa kuwekea mguu, na mguu wake mwenyewe ukawa unaning'inia nje njia nzima. Breki ya mkono ilipomkatalia, alitafuta pedali akakanyaga mbuzi.

"Munganga mukubwa akisikia nabebaka mbuzi pamoja na chanjo, kazi imeisha. Nikasema... nikasema bora fundi."

"Bora fundi aende prison."

"Sikufikiri mbali, Mama OPJ."

"Haukufikiri hata karibu."

"Lakini ya mukono ilikufa kweli!" Jean-Marie akapata nguvu. "Hiyo haiko mbuzi! Ilianza kushika yenyewe kule mulimani, magurudumu ikatoa moshi, kisha pa! hakuna kitu. Nani alifanya vile kama siyo yeye?"

Na hapo, wapenzi, alisema kweli. Generose aliudhika sana kwamba mwongo amesema kweli. Mbuzi alieleza pedali, hakueleza mpini. Jeep ya parke ilikuwa imekwisha washwa kule getini, dereva wake akipiga honi ya kuharakisha watu.

"Endelea kutoa hewa," akamwambia Emery.

Wakaendelea. Mapovu yalipungua, mpini ukaanza kukaza, na chupani yakawa yamejaa mafuta ya kutosha kuonekana. Generose akainyanyua chupa. Chini yalikuwa ya njano, mepesi. Juu yake yalielea mengine, ya kijani kidogo, mazito, na mstari kati yao ulinyooka kabisa. Generose alikuwa amelelewa na mama muuza mawese sokoni, na kuwatambua wachakachuaji alikujua kabla ya kujua kusoma. Akaagiza bilauri ya maji, akamimina humo kidogo kutoka chupani. Yale ya njano yakayeyuka majini yakapotea. Yale ya kijani yakabaki juu, macho macho, yanamtazama.

"Mafuta ya freni inachanganyikana na maji," Emery alisema polepole. "Hiyo ya yulu haiko ya freni. Hiyo ni ya mimea. Ikiingia mule, mipira ya ndani inavimba, freni inashika yenyewe, inapata moto, mafuta inachemka, inaleta mapovu... Njo vile alisema." Alikuwa amechangamka, maana hilo ndilo lililomwokoa. "Mama OPJ, muntu aliweka kitu! Lete nione."

Akaipokea chupa, akaisogeza puani, akanusa.

Generose alikuwa akimwangalia usoni. Aliona furaha ikizimika. Kijana akanusa tena, kama mtu anayeomba pua yake imdanganye, kisha akaishusha chupa chini taratibu.

"Ni minye," akasema.

"Weye nini?"

"Ni minye niliweka. Andika. Banipeleke parke."

Chadrack aliangusha bilauri. Jean-Marie mwenyewe alisahau shingo yake, akaigeuza yote mzima mzima.

"Tangu Ijumaa unaapa siyo weye," Generose akasema, "na leo tumepata kitu ya kukutoa, njo unasema ni weye?"

"Ni minye."

"Uliweka mafuta gani?"

"Ya... mafuta."

"Juu ya nini?"

"Wivu."

"Wivu gani, na weye njo unaoa!"

Emery akainamisha kichwa. Generose alimwacha hivyo, akaichukua chupa akanusa yeye mwenyewe. Waridi. Waridi na kitu kingine kitamu, cha ibada ya Jumapili. Akaenda kwenye usukani, penye kikopo kidogo ambamo mafuta ya breki hukaa. Kifuniko chake kilishikwa na vis mbili, na vis zote mbili zilikuwa zimetafunwa, zimekwaruzwa huku na huku. Hakuna fundi anayeitesa vis namna hiyo wakati ana bisibisi mfukoni. Hiki kilikuwa kisu, na tena cha jikoni, kwani ndani ya ufa wa vis moja kulikuwa na gamba la samaki, kavu, linang'aa.

"Emery. Alhamisi usiku hii mashine ililala wapi?"

"Mu parcelle moya, mu ua ya nyumba kule Kilibula. Garage yangu haina mulango."

"Parcelle ya nani?"

"Ya muntu."

"Muntu hana jina?"

Kijana akageukia gurudumu, akaanza kukaza vis iliyokwisha kazwa. Na hapo ndipo Generose akatamani kujipiga kofi. Lo! Alikuwa amezaliwa nchi hii hii! Mwanamume anayeposa hatamki jina la mama mkwe wake. Hali chakula mbele yake, hamkazii macho, akimwona anakuja njiani anavuka upande wa pili hata kama upande wa pili ni mtaro. Na huyu ndiye asimame mbele ya polisi amshitaki? Afadhali mende wa gerezani.

Akageuza macho getini. Palepale, kama kila siku tangu Ijumaa, alisimama mama mmoja mnene, kitenge kipya, akiwa ameigeuzia kasho mgongo kwa heshima. Alikuwa Mama Domitille, mama yake Divine, kiongozi wa chumba cha maombi cha Kilibula. Kila siku alileta chakula cha mahabusu, akampa Chadrack, akangoja sahani bila kugeuka. Leo sahani ilifunikwa kitambaa, na mkia wa mukeke, samaki wa ziwani, wa kukaanga ulikuwa umechungulia nje.

Generose hakumuuliza lolote kuhusu Alhamisi. Alimpelekea tu chupa.

"Mama, hii harufu unaijua?"

Mama Domitille alinusa, uso ukamng'aa. "Eeh! Si ni mafuta yangu ya upako! Ile ya zeituni, nilitumiwa kutoka Bujumbura! Muliitoa wapi?"

"Mu freni za kwadi."

"Njo pale niliiweka," akasema kwa fahari, na sauti yake ilikuwa ile ya kuongoza maombi, ikasikika hadi dirishani. "Nilimuona akiongeza mafuta mu kale kakopo, na anamwambia kliyenti eti uzima wa mashine yote uko mule. Usiku nikawaza: kesho hii mashine inapanda mulima. Ikianguka, batu batasema mukwe wa Domitille hajui kazi. Basi nikachukua kisu, nikafungua, nikaongeza ya Mungu, nikaombea magurudumu yote mine."

Nyuma yake Emery alifunika uso kwa mkono ule mmoja aliokuwa nao.

"Mama," Generose akasema, akijikaza asicheke na asikasirike, "ile mafuta njo iliharibu freni. Huyu muuguzi alikosa kusimama juu ya ile mafuta."

Mama Domitille alimgeukia Jean-Marie, akampima kutoka juu hadi chini.

"Alikufa?"

"Hapana."

"Alivunjika?"

Wote wakatazama kile kitambaa cheupe. Jean-Marie akakifungua pole pole, akakitia mfukoni.

"Aliingia mu majeneza," Mama Domitille akasema, "na akatoka muzima. Weye Hatungimana, mu kazi yako yote, uliisha kuona muntu anatoka mule muzima?"

"Apana, Mama," seremala akakiri. "Huyu njo wa kwanza."

"Basi munasema mafuta haikufanya kazi?"

Generose alikuwa amewahoji wezi, wauza magendo na hata mheshimiwa mmoja, lakini kwa hili sheria haikuwa na neno. Akabaki na lile lililokuwa la kweli.

"Mama, kuna muntu alikuwa anaenda kufungwa juu ya hiyo mafuta. Huyu hapa. Alinusa, akajua ni ya nani. Na akasema ni yeye. Alitaka apande ile jeep ili jina lako lisitajwe mu polisi."

Fahari yote ilimtoka Mama Domitille usoni. Aliangalia chini, akaangalia jeep, akaangalia ile pingu kwenye chuma. Machozi yakamjaa, akayafuta kwa ncha ya kitenge, yakajaa tena.

"Si alisema anamupenda Divine," akasema kwa sauti ndogo. "Minye nilizania ni maneno ya bijana."

Generose akamfungulia Emery. Akaenda getini, akagonga bodi ya jeep kwa kiganja, dereva akaondoka bila abiria huyo. Jean-Marie aliambiwa aende akamweleze mganga mkuu habari ya mbuzi kwa kinywa chake mwenyewe kabla Generose hajafika. Hatungimana alikwisha chomoa kifuniko chake, akakibeba kichwani, anakimbia, na habari ya mbuzi hakuigusa.

Chadrack akanyoosha mikono apokee sahani kama kawaida. Mama Domitille akampita. Alivuka ua wote, akafika mbele ya mkwe wake, akasimama. Emery aliangaza huku na huku akitafuta mtaro wa kuvukia, hakukuwa na mtaro. Mama akafunua kitambaa, akamwekea sahani mikononi.

"Kula, mwanangu."

"Mama... siwezi kula mbele yako."

"Na minye sikupaswa kufungua mashine ya batu. Leo tumevunja yote. Kula."

Emery alimega bugali, akachovya, akatia kinywani. Alitafuna akitazama sahani. Alipomeza alikusanya ushujaa ambao hata mbele ya parke asingeuhitaji.

"Mama, nakuomba kitu moya. Kale kakopo... usikafungue tena."

"Sitafungua," Mama Domitille akasema, akampangusia unga wa bugali kwenye shavu kwa ncha ya kitenge, kama mtoto. "Nitapaka inje tu."